Wageni Waliokuja Kuwatuliza Kuku

Mama alikubali kuja kukaa kwetu Lushoto kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilifika likiwa ndani ya matenga mawili. Tenga la kwanza lilikuwa na tembe kumi, yaani kuku majike ambao hawajaanza kutaga lakini wameshaanza kutembea kama wenye nyumba. La pili lilikuwa na mapora sita, majogoo wadogo ambao kuwika kwao kulikuwa bado kunakatikia njiani. Wote walikuwa wameteremka naye kutoka Bungu hadi Korogwe, wakapita Mombo, wakapandishwa tena mlimani kwa kona zile zote, na walipofika uani kwetu hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kusema.

Mwezi uliotangulia mama alikuwa ameteleza kwenye njia ya kushukia kisimani. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima, na alilala pale kwenye utelezi, ndoo imemtangulia bondeni, mpaka mtu aliyekuwa akitafuta mbuzi wake akamwona. Hakuvunjika mfupa. Lakini tangu siku hiyo alitembea akiwa ameshika nyonga, na sisi wanawe tukawa hatutulii kila tukisikia mvua juu ya bati. Mimi na mke wangu tulikwenda Bungu kumwomba ahamie kwetu. Alitusikiliza siku mbili. Siku ya tatu, akiwa anapepeta maharage, akasema:

"Nitakuja na kuku wangu. Wakipazoea, nami nitapazoea. Wasipopazoea, siku ya mavuno mtanikuta hapa hapa."

Alikuwa na maana ya sikukuu ya mavuno ya kanisani, iliyokuwa mbele yetu kwa miezi kama minne. Mke wangu aliniangalia. Mimi nikasema sawa, mama, kwa haraka ya mtu ambaye hajawahi kufuga kuku. Nimefanya kazi ya kuandika habari za wilaya kwa miaka mingi. Nimekaa kwenye vikao vilivyojadili choo kimoja cha soko kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilidhani kuku kumi hawawezi kunishinda.

Kule Bungu kuku wa mama walikuwa wakifunguliwa asubuhi na kurudi wenyewe jioni, na katikati hapo hakuna aliyewauliza walikuwa wapi. Kwetu haiwezekani. Chini ya uwanja wetu ni shamba la jirani, Mwislamu mmoja mpole anayelima letusi, karoti na kabichi za kupakiwa kwenye lori la Dar es Salaam, na kuku mmoja ndani ya letusi kwa nusu saa ni kesi ya mwenyekiti wa kitongoji. Kwa hiyo nilikuwa nimewajengea banda la mbao juu ya nguzo, na mbele yake uwanja uliozungushiwa waya. Uwanja ulikuwa mrefu na mwembamba, kwa sababu ulikaa juu ya ngazi moja ya shamba, na ngazi za milimani ndivyo zilivyo. Nilipima kwa futi. Maji niliyaweka upande huu na chakula upande ule. Ulikuwa uwanja ambao mimi mwenyewe, kama ningekuwa kuku, ningeukubali.

Kuku hawakuukubali. Tulipofungua matenga walikimbilia pembe ya mbali, chini ya ukuta wa udongo, wakarundikana wote kumi, vichwa ndani na mikia nje, kama watu wanaosoma tangazo moja. Mapora walisimama kando kidogo wakijifanya hawakuwa na habari. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu walitoka kunywa maji, wakanywa kama wezi, wakarudi.

Mama alileta kigoda akakaa nje ya waya.

"Hawapapendi," alisema.

"Ni wageni tu, mama. Siku tatu."

"Na mimi nina siku tatu."

Jioni ile nilinunua daftari. Nilichora mistari: asubuhi saa moja, mchana saa saba, jioni saa kumi na moja. Kila saa niliandika wako wapi, wanafanya nini, na kama wako pembeni, nini kimewashtua. Pembezoni mwa ukurasa niliacha nafasi ya mambo mengine ya siku hiyo, kama mvua, ukungu, nani amepita. Mke wangu aliangalia mistari ile akasema kwamba kuku wa kwao walikuwa wakitaga bila kuandikiwa.

Lakini ugunduzi wangu wa kwanza ulikuwa wa kweli, na nautetea mpaka leo. Juu ya ule ukuta wa udongo inapita njia ya miguu. Huku kwetu kila mtu anaishi chini ya njia ya mtu mwingine, na hatuoni ajabu vichwa vikipita juu ya bati letu. Kuku wanaona ajabu. Kwa kuku, chochote kinachotokea juu ya kichwa ghafla ni mwewe mpaka kithibitishe vinginevyo, na mtu aliyebeba furushi la majani hana muda wa kuthibitisha. Nilisimamisha matawi kando ya ukuta ili njia isionekane, nikatandika magunia juu ya sehemu ya uwanja ili wawe na mahali pa kukimbilia penye paa. Nilimwaga lundo la makapi ya maharage wachakure. Nilichanganya majivu na udongo mkavu ndani ya tairi lililokatwa, wajigaragaze. Kabichi moja nililopewa na jirani, lililopasuka na kukosa soko, nililitundika kwa kamba usawa wa shingo zao, ili chakula kiwe na kazi kidogo.

Mwishoni mwa wiki ya pili, saa saba mchana, niliandika: wanne wanachakura kwenye makapi. Mmoja, yule kishingo asiye na manyoya shingoni, anadonoa kabichi. Nilimwita mama aje aone. Aliona. Siku hiyo alikula akamaliza.

Ndipo wageni walipoanza.

Habari zilikuwa zimeenea kwamba mama yangu amehamia mjini na kuku waliokataa uwanja. Kwa watu wa huku hayo ni mambo mawili, na kila moja linatosha kumfanya mtu avae koti. Mama akihama lazima aamkiwe, na kuku wakikataa uwanja lazima washauriwe. Wageni wa namna hiyo hawatoi taarifa. Wanatokea tu, na mama ana sheria moja ambayo amekaa nayo maisha yake yote: mgeni anaondoka na kuku tumboni au na kuku mkononi. Chai peke yake, kwa mama, ni kumfukuza mtu kwa adabu.

Wa kwanza alikuwa bwana mifugo mstaafu, mtu mzima wa kupewa shikamoo na kiti chenye mto. Alisimama mbele ya waya, mikono nyuma, akakagua matawi na magunia yangu. Akayasifu. Hapo hapo nikajua kwamba ni mtaalamu.

"Kuku hawa umri wao ndio wa hofu," alisema. "Wanataka utulivu. Wasikimbizwe. Kuku aliyekimbizwa leo anakumbuka kesho na keshokutwa."

Nyuma yake mama alikuwa ameshaninong'oneza kwa Kishambaa nimkamate yule pora mweupe.

Niliingia uwanjani. Sitaeleza sana. Uwanja mrefu na mwembamba ni mzuri kwa kuku kukimbia na mbaya kwa mtu kukamata. Kila nilipomfikisha pora mwishoni alipita katikati ya miguu yangu, na kila alipopita, tembe kumi waliurukia waya, wakagonga, wakaanguka, wakaruka tena. Mama aliniongoza kutoka nje. "Kushoto. Si huko kushoto, huku. Wewe ulisomea wapi kushoto?" Bwana mifugo alisogea pembeni kwa heshima, kama mtu anayepisha shughuli ya kifamilia.

Pora alipopatikana tulimwita jirani. Hiyo nayo ni desturi yetu ambayo hatuijadili: nyumba ya Wakristo ikiwa na kitoweo cha kugawana, anachinja Mwislamu, ili atakayepita, hata awe nani, aweze kunawa mikono na kukaa. Jirani alikuja na kisu chake, akamchinja pora pale kwenye migomba, hatua nne kutoka kwenye waya, kwa sababu hapo ndipo damu haimkwazi mtu na bomba la maji liko karibu. Bwana mifugo alikula vizuri. Alipoaga alirudia kwamba jambo kubwa ni utulivu.

Jioni, saa kumi na moja, niliandika: wote pembeni. Sababu: mwewe?

Wa pili alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyepanda kutoka Mazinde kumwona wifi yake. Hawa wawili wametaniana tangu kabla sijazaliwa. Alifika na kuku mzee amemfunga miguu kwa kitambaa.

"Nimekuletea kungwi," alimwambia mama. "Hawa mabinti zako hawana wa kuwafunda. Wanaogopa kama ulivyoogopa wewe siku uliyoletwa kwa kaka yangu."

"Mimi sikuogopa. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea."

"Uliukosa miaka hamsini?"

"Kaka yako alikuwa ameuegemea."

Kuku mzee alifunguliwa, akajikung'uta, akatembea hadi kwenye makapi na kuanza kuchakura kana kwamba amezaliwa pale. Baada ya saa moja tembe watatu walikuwa nyuma yake. Kusema kweli lilikuwa shauri bora kuliko yote tuliyopewa. Kisha ikabidi shangazi ashukuriwe. Aliyeleta kuku haondoki mikono mitupu, na aliyetoka Mazinde haondoki na njaa, kwa hiyo nikaingia uwanjani kuwakamata mapora wawili, mmoja wa chungu na mmoja wa safari. Nilipotoka nikiwa na manyoya mdomoni, kungwi naye alikuwa pembeni, kichwa ndani, mkia nje, pamoja na wanafunzi wake.

Niliandika: wote pembeni, pamoja na yule mzee. Sababu: haijulikani. Labda ukungu.

Wakafuata kina mama wa jumuiya yetu ya kanisani, saba kwa hesabu, waliokuja kusali na kumkaribisha mama. Waliimba beti zote. Mmoja wao alishauri kuku wazoeshwe sauti za watu, na kweli wimbo wa mwisho ulikuwa na sauti nyingi, lakini chakula cha watu saba ni mapora wawili, na mapora wawili ni robo saa ya mimi kukimbia. Baada yao akaja mzee wa kanisa na mkewe. Mke huyo alitushauri tuwaondolee kitenge cha njano kilichokuwa kikianikwa karibu na waya, tukakiondoa. Walikula pora wa sita, wa mwisho.

Siku hiyo, jirani alipokuwa akiosha kisu bombani, aliniambia:

"Jirani, hawa kuku wenu wananichukia."

"Wanachukia kila kitu."

"Hapana. Sasa hivi mkeo amepita hapa na beseni kichwani, wakamtazama tu. Mimi nikitokeza pale kwenye migomba wanapiga kelele mpaka natamani kurudi." Akafuta kisu kwenye jani. "Sijawahi kuitwa hapa mikono mitupu, na hilo wameliona."

Nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikafungua daftari, nikaacha kucheka. Wageni nilikuwa nimewaandika pembezoni, kwa ajili ya kumbukumbu za shukrani tu. Nilipoyasoma yale ya pembezoni pamoja na yale ya katikati, habari ilikuwa wazi kuliko habari yoyote niliyowahi kuandika. Mwewe alikuwa amepita mara tatu. Kila mara kuku walijificha chini ya magunia, na baada ya saa moja walikuwa nje. Bwana mifugo: siku tatu pembeni. Shangazi: siku nne. Jumuiya: siku tano. Aliyewatisha kuku wa mama kuliko wote kwa miezi miwili na ushee alikuwa mimi, nikifuatiwa na jirani yangu, kwa maagizo ya mama, kwa heshima ya watu waliokuja kutushauri namna ya kuwatuliza.

Nilikaa na ugunduzi huo siku mbili bila kumwambia mtu. Kumwambia mama kwamba kuku wake wamekataa ni jambo moja. Kumwambia kwamba ukarimu wake ndio uliowafanya wakatae, hilo si jambo la kuanzia sebuleni. Siku ya tatu mke wangu alirudi kutoka kanisani na ujumbe kwamba mchungaji atapita Jumamosi kumwona mama.

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Mapora wameisha," alisema. "Utamkamata yule tembe mwekundu."

"Mama, tukimkamata tembe, hawa wengine hawatapazoea kamwe."

"Hawapazoei. Nimeshaona. Nimetuma salamu Bungu wanifagilie nyumba." Alitupa kiazi kwenye sufuria. "Mavuno yamebaki wiki sita. Hakuna aliyekosa. Mmejitahidi."

Lile neno "mmejitahidi" ndilo lililonifungua mdomo. Nilikwenda kuleta daftari nikamsomea, kuanzia siku ya kwanza, katikati na pembezoni. Alisikiliza, kisu mkononi. Nilipofika kwenye ukurasa wa mwisho akanisimamisha.

"Hapo rudia."

"Jumatatu. Mwewe, mara moja. Mke wa mzee wa kanisa, saa nane."

"Umemwandika mke wa mzee wa kanisa mstari mmoja na mwewe."

"Ni mpangilio wa daftari tu, mama."

"Huyo mwewe alichukua kuku?"

"Hapana."

"Na mke wa mzee wa kanisa?"

Mke wangu alitoka jikoni haraka, na kupitia dirishani nilimwona ameinama kando ya ukuta, mkono mdomoni, mabega yanacheza.

Mama hakucheka. "Kwa hiyo mgeni wangu ale nini?" aliuliza. "Daftari?"

Kesho yake alinijibu salamu tu. Siku iliyofuata, asubuhi, alichukua fimbo yake akashuka kwenye shamba la jirani, ngazi moja baada ya nyingine, na alikataa mkono wangu. Nilibaki juu, kwenye migomba, ambako mtu anaweza kusikia bila kuonekana anasikiliza.

"Shikamoo mama," jirani alisema.

"Marahaba mwanangu. Una majogoo?"

"Ninao wanne."

"Sisi tuna mbolea ya kuku. Ipo tu pale bandani inamsubiri mtu."

Mkulima wa kabichi akitajiwa mbolea ya kuku hajibu haraka, anapiga hesabu ya matuta. "Unataka tubadilishane, mama? Jogoo kwa mbolea?"

"Nataka jogoo asiyepita machoni kwa watoto wangu. Mchinje kwako, mnyonyoe kwako, uniletee kwenye sufuria. Kisu kisipande tena kule."

"Kwa hiyo nikija kwenu nije na nini?"

"Uje na majani ya kabichi."

"Basi nimepandishwa cheo," jirani alisema.

Jumamosi mchungaji alikuja, akasali nasi, akala. Mimi nilikuwa na wasiwasi na sehemu moja tu, na sehemu hiyo ilifika. Aliinua kipande cha paja akauliza kwa furaha kama hawa ndio wale kuku maarufu.

Mama aliweka mikono mapajani. Sijawahi kumwona akimpa mgeni nyama ya kuku asiyemfuga mwenyewe, na nadhani hata yeye hakuwahi kujiona.

"Huyo ni wa jirani, mchungaji," alisema. "Wa kwangu bado wanazoea. Nimeona niwaache."

"Mama, usingejisumbua. Mimi hata kande zingenitosha."

"Asante, mchungaji," mama alisema.

Alipoondoka, mke wangu alikusanya sahani kimya kimya hadi kwenye mlango wa jikoni. "Sita wameisha," alisema, "ndipo tunaambiwa kande zinatosha."

Baada ya hapo mama alichukua madaraka. Mimi nilipigwa marufuku uwanjani kwa wiki mbili, kwa sababu, alivyoeleza mbele ya mke wangu, kuku wanakumbuka viatu. Kila asubuhi aliingia yeye na kigoda chake na bakuli la makapi yenye mahindi machache, akakaa katikati, hakumwita kuku yeyote, hakumwangalia yeyote. Alikuwa akitengeneza mboga au akishona pindo, na mahindi yakimwanguka moja moja kama mtu asiye makini. Jirani alipita jioni, akatokea kwenye migomba akiwa ameinua majani ya kabichi juu, mikono yote miwili ionekane, kama mtu anayejisalimisha.

Siku ya kumi kungwi wa shangazi alikwenda kula kando ya kigoda. Siku ya kumi na mbili kishingo alikuja, akadonoa hindi lililoanguka juu ya kiatu cha mama, akakaa hapo hapo juu ya kiatu. Mama hakusogeza mguu kwa karibu saa nzima. Aliniita baadaye nimsaidie kusimama, kwa sababu nyonga ilikuwa imekufa ganzi, na alikuwa amenuna kama mtu anayezuia kitu kisitoke usoni.

Wiki ya nne tembe wote kumi walikuwa wanajigaragaza kwenye tairi la majivu kwa zamu, na zamu hazikuheshimiwa. Waliruka kudonoa kabichi lililotundikwa. Panzi akiingia uwanjani alikimbizwa na timu nzima kutoka mwisho hadi mwisho, na uwanja mrefu na mwembamba hatimaye ukaonekana ulikuwa na sababu. Jirani alipotokea walikimbia kwenda kwenye waya, si kutoka kwenye waya. Aliniambia kwamba sasa anaona aibu akipita mikono mitupu.

Wageni hawakupungua. Mmoja alikuja kushauri tuongeze kivuli. Alikula jogoo wa jirani, na kuku hawakupata habari.

Wiki ya mwisho kabla ya mavuno sikuuliza kitu. Kama mama angetaka gari la kwenda Bungu ilibidi nilitafute kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikapita. Jumamosi mke wangu alifua gauni la mama la kanisani na kulianika, na mama akalipiga pasi mwenyewe. 

Jumapili asubuhi nilimkuta mama uwanjani, amevaa tayari. Kishingo alikuja miguuni kwake kama kawaida. Mama akainama kwa shida, akampitisha mkono chini ya kifua, akamweka kwapani. Hakukuwa na kukimbizana. Kuku hakupiga hata kelele. Wale tisa na kungwi wao waliendelea kuchakura.

"Mama, si huyo," nilisema. "Huyo ndiye aliyeanza kutoka. Chukua yule wa madoa."

"Wa madoa ana kasoro ya kidole. Unataka niende na kasoro mbele ya madhabahu?"

"Wenzake wanamfuata huyu."

"Ndiyo maana nimemchukua huyu. Fungua mlango."

Baada ya ibada malimbuko yalipelekwa kwenye uwanja wa kanisa kwa mnada, kama tunavyofanya kila mwaka: mahindi, viazi, magunia ya karoti, mikungu ya ndizi, na kuku wetu mmoja. Mnadishaji alimwinua kishingo juu ya vichwa vya watu. Kuku mwingine angepapatika. Huyu alinyoosha shingo yake tupu akatutazama waumini wote, upande huu na upande ule, kwa utulivu uliotugharimu miezi minne. Watu walicheka, na bei ikaanza kupanda. Nikainua mkono.

Mama aliushusha.

"Sadaka ya nyumba yetu hainunuliwi na nyumba yetu," alisema.

Nikauacha mkono wangu chini. Bwana mifugo mstaafu, aliyekuwa mbele, aliinua wake, na kuku akawa wake. Alimpokea vizuri, kwa mikono miwili, bila kumtikisa.

Karani alikuwa mezani akiandika kila mtoaji na jumuiya yake, kwa sababu mtu hutoa mavuno pale anapohesabiwa, na yeye hakumkuta mama kwenye orodha yake. Aliinua kalamu.

"Shikamoo bibi. Huyu kuku tumwandike wa mgeni kutoka Bungu?"

"Marahaba," mama alisema. Alijisogeza karibu na meza, mkono kwenye nyonga, akaitazama ile orodha kama anayetafuta mahali penye kivuli. "Si wa mgeni. Andika jumuiya ya kwa mwanangu, kule chini ya njia."

Karani akaandika, kisha akaomba aletewe mkungu wa ndizi uliofuata.